Bendera ya Posta Ndogo

Kila asubuhi filimbi ya Stany Kankolongo ilipolia, barabara ya kwenda Nzilo ilisimama. Waendesha pikipiki walitia mguu chini, wachimbaji waliokuwa njiani kwenda machimboni walivua kofia, na malori ya madini yalinguruma pale pale yalipokuwa. Bendera ilipanda polepole mbele ya posta ndogo. Ikifika kileleni filimbi ililia tena, watu wakaendelea na safari na vumbi likaendelea na kazi yake. Jioni, jua likizama, mambo yalikuwa yale yale, ila bendera ilishuka.

Hiyo ndiyo kazi pekee ya posta iliyokuwa bado inafanyika, na Stany alilijua hilo, na lilimkaa kooni. Ujana wake aliumalizia kwenye mashua za doria za jeshi la majini, kule Kalemie, katika Ziwa Tanganyika. Watu wa Kolwezi hawakuchoka kumtania: baharia gani huyu, anayelinda vumbi? Aliwaacha wacheke. Chomboni alifundishwa kwamba kila kamba ina mtu wake, na kamba ya bendera hakumruhusu mtu mwingine aiguse, hata karani aliyekuwa naye kabla karani huyo hajakimbilia machimbo ya kobalti.

Na tangu filimbi ilie hadi ilie tena, hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kujongea. Aliwahi kumfokea padri kwa kujikuna.

Mwezi huo kulikuwa na mtu aliyeanza kukaa kwenye ngazi za posta kila siku, Mama Bilonda, fundi cherehani. Zamani alikuwa na nyumba mtaa wa Kasulo. Majirani walipoanza kuchimba madini chini ya sakafu zao, kuta zake zilipasuka, naye akahamia chumba cha kupanga nyuma ya posta. Cherehani aliiokoa, macho ndiyo yaliyoanza kumtoroka. Mwanawe aliyeko Ulaya alimtumia miwani kwa posta. Miwani ilikuwa imefika Lubumbashi, ndani ya mfuko wa posta, na hapo ndipo ilipokwama.

"Mufuko haiyafika tu, tata?" aliuliza.

"Haiyafika, mama. Motokari ya posta iko mu panne, injini imekufa."

"Ni ile panne ya mwezi uliopita?"

"Ni ile ile."

Mama Bilonda aligeuza uso kuelekea upande wa pili wa barabara, ambako mabasi ya ajansi ya usafiri yalikuwa yakishusha mizigo kutoka Lubumbashi, leo kama jana. "Na bisi ya Noëlla je? Si inatoka kule?"

Stany alikunja uso. Noëlla alikuwa binti yake wa mwisho. Ndiye aliyekaa kwenye dirisha la vifurushi la ajansi ile, amevaa fulana ya manjano, akipokea kila kitu ambacho zamani kingepita mikononi mwa baba yake. Alipoichukua kazi hiyo, Stany alimwambia kwamba anamchimbia kaburi mchana kweupe. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kanisani tu.

"Muzigo ya Serikali haipande mu bisi ya batu," alisema.

"Aya, tata." Mama Bilonda alijisugua macho. "Jana nilishona mukono ya shati inje-ndani. Ya mutoto wa masomo. Mama yake alikuya, akaangalia, akakusanya bitambaa byake byote. Hakugombana hata. Alinihurumia. Masomo inafungua juma lijalo. Kama hii sare zinanipita, cherehani nitaiuzisha."

Stany aliingia ndani akafunga mlango. Alikasirika. Aliikasirikia ile motokari, akawakasirikia wakubwa wasiopokea simu, akayakasirikia na mabasi yanayopiga honi kama yamelipia hewa. Alipomaliza kuwakasirikia wote, alibaki peke yake kwenye chumba kile cha masanduku matupu, na hasira haikuwa na mwingine wa kumwendea. Kule ziwani hawakuwahi kuuliza chombo cha nani kinachozama, wala cha nani kinachookoa. Alijua hivyo. Alijua tangu mwezi uliopita. Lisilobudi hutendwa, akajiambia, lakini miguu yake ilichukua muda kukubali.

Alipovuka barabara, watu wa ajansi walinyamaza. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Noëlla aliinua macho.

"Karibu, tata. Mulongo inaanzia kule."

"Noëlla, mi ni baba yako."

"Njo wewe ulinifundisha. Nilikuyaka posta na uniforme ya masomo, ukanirudisha nyuma ya batu bote."

Watu walicheka. Uso ulimwaka Stany, lakini alikwenda nyuma, akasimama nyuma ya mwanamke mwenye kuku kapuni, akasogea kila mstari uliposogea. Zamu yake ilipofika, Noëlla hakuwa akicheka tena.

"Nani anatuma?"

"Posta."

"Nani anapokea?"

"Posta."

Noëlla aliandika yote mawili kitabuni. Kisha akachukua simu, akampigia dereva aliyekuwa Lubumbashi, na Stany akampigia Kalumba, mwenzake wa posta ya huko, amkabidhi dereva mfuko.

Kesho yake basi lilichelewa. Stany alilisubiri kwenye baraza la ajansi, roho juu, akiapa kwamba lisipofika patachimbika. Lilipofunga breki hatimaye, jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Alikabidhiwa mfuko, akatia mkono ndani akapapasa kifurushi kidogo kigumu, akakitambua: miwani. Furaha ilimpanda ghafla. Aliinua macho akaona wekundu wa magharibi, na kwa mazoea ya miaka yote ile akatia filimbi mdomoni akapuliza.

Barabara ikasimama. Dereva wa basi akazima injini. Mwanamke mmoja akatua beseni lake.

Ndipo Stany alipong'amua kwamba yuko upande usio wake. Bendera iko kule, kamba iko kule, na yeye yuko huku na mfuko begani, na sheria ni yake mwenyewe: mtu hajongei. Malori yalikuwa yamejipanga katikati. Watu wote walimtazama, wakaitazama bendera, wakamtazama tena. Aibu ilimtoa jasho.

Kwenye ngazi za posta, Mama Bilonda, aliyekuwa hasikii kamba ikikwaruza mlingoti, aliinuka. Alinyoosha mikono mbele, akapiga hatua, akaupata mlingoti. Vidole vyake vilishuka hadi kwenye fundo, lile fundo la kibaharia ambalo karani hakuwahi kuliweza. Stany alifungua mdomo ili apige kelele, na hakupiga. Vidole vililizunguka fundo, vikasita, vikaingia mahali, na fundo likafunguka.

Bendera ilishuka kwa mikupuo midogo midogo. Kabla haijagusa chini Mama Bilonda aliikumbatia, akaipapasa pindo, akaikunja vizuri kama kitambaa cha mteja. Kisha akasimama wima, uso ameuelekeza barabarani asikoona kitu, akisubiri.

Wote walisubiri. Stany alikuwa ameirudisha filimbi midomoni, lakini alikuwa bado anaitazama mikono ile iliyokunja bendera yake.

"Tata," Noëlla alinong'ona nyuma yake, "batu banangoja filimbi."