Kengele ya Wapandaji

Kuna kazi za heshima duniani, na kuna kazi ya kuhesabu samaki wasiokuja. Bwana mmoja aliifanya hii ya pili kwa uaminifu wote, akiwa na buti za mpira na koti la kampuni ya maji lenye nembo iliyofutika, na mji mzima ukamwita Karani wa Samaki. Hakukasirika. Mtu anayelipwa akae kando ya mto atazame maji hana haki ya kujichagulia jina.

Ofisi yake ilikuwa kibanda cha bati juu ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo ili maji yakusanyike yapelekwe mjini. Kwa kuwa walioujenga walikuwa watu wenye huruma, au walilazimishwa kuwa nayo, upande mmoja waliacha njia ya samaki: vidimbwi vya zege vilivyopangwa kama ngazi, maji yakiteremka humo, samaki wakiruka kutoka kimoja kwenda kingine hadi juu. Kwenye kidimbwi cha mwisho kulikuwa na tundu lenye jicho la mashine. Samaki akipita kwenda juu, kengele inalia, na namba nyekundu ndani ya kibanda inaongezeka. Jicho hilo halikujua aliyepita ni nani wala katoka wapi. Lilijua tu kwamba kitu kimepita.

Samaki waliosubiriwa waliitwa wapandaji. Mwaka mzima waliishi ziwani bila kumsumbua mtu. Mvua za kwanza zikishachafua mto, walipanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye kokoto za maji ya kina kifupi, huko juu walikozaliwa. Karani alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akivuka mto na ndoo kichwani huku akiwagombeza samaki, maana walimgonga miguu kama wanafunzi waliosikia kwamba leo kuna nyama. Miaka ikaenda, makundi yakawa vikundi, vikundi vikawa wawili watatu waliochelewa. Msimu huu kampuni ilisema ni wa mwisho. Wapandaji wasipoonekana, njia yao itazibwa kwa zege, kwa sababu maji yanayopita humo hayafiki kwenye bomba la mtu.

Basi mvua zikaanza, mto ukageuka rangi ya matope, na Karani akakaa kibandani kama mwalimu anayeita majina mbele ya darasa lililotoroka lote.

Hakukaa peke yake, kwa bahati mbaya. Fundi wa malango ya ukuta alikuwa kaka wa mke wake, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na mdomo usio na breki. Kila asubuhi alipita na bisibisi sikioni.

"Shemeji, wateja wamefika?"

"Bado."

"Umeangalia vizuri? Pengine wamepita kwa miguu."

"Nenda kapake malango grisi."

"Nimeshapaka. Hata malango yanakuonea huruma."

Siku kengele ilipolia kwa mara ya kwanza, wote wawili walitoka mbio, fundi akateleza akaokolewa na tumbo lake. Kwenye kidimbwi cha juu alikuwa ameketi chura mnene, mwenye sura ya mjumbe wa bodi. Fundi alisimama wima, akampigia saluti.

"Karibu, mheshimiwa. Tulikutarajia ukiwa na magamba."

Karani alicheka. Alicheka kidogo mno, na fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwondoa yule chura bila kusema la pili.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti, ila huko utani ulitoka kwa mwenye haki nao. "Wenzangu waume zao wanachelewa kwa sababu ya wanawake," mkewe alisema akimsogezea sahani. "Mimi mke mwenzangu ni samaki. Tena samaki ambaye hata hajafika."

"Atafika."

"Na asipofika, baba watoto?"

Karani alitafuna muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. Asipofika, alitaka kusema, basi nimetumia maisha yangu kulinda mlango wa nyumba ambayo watu wake wamekwisha. Lakini maneno ya namna hiyo hayasemwi mezani. Akaomba chumvi.

Kisha, mchana mmoja wa manyunyu, kengele ikalia tena. Karani hakukimbia. Alishuka polepole, tayari kumsalimia chura. Kwenye kizimba cha ukaguzi, cha waya, kilichotegwa juu ya tundu kumzuia kila anayepita, kulikuwa na mpandaji.

Alikuwa jike, mrefu kama mkono hadi kiwiko, mgongo wa kijani iliyokolea, tumbo limejaa mayai hadi ngozi imenyooka. Karani alimwingiza kwenye beseni la maji, akampima kwa mikono iliyosahau kazi yake. Kisha, kama ilivyo desturi, alichukua mkasi akakata pembetatu ndogo kwenye pezi la mkia, kama tiketi iliyokaguliwa, ili akionekana tena ajulikane. Akambeba hadi juu ya ukuta, akamwachia. Samaki akasimama kidogo dhidi ya mkondo, akapiga mkia, akaenda.

"Shemeji!" Karani aliita. "Shemeji, njoo! Wamekuja!"

"Wangapi?"

"Mmoja!"

"Mmoja si 'wamekuja'. Mmoja ni 'amekuja'." Lakini fundi alikuwa tayari anamkumbatia, grisi na yote.

Karani akafanya jambo ambalo kwenye kitabu chochote cha kazi hiyo lingeandikwa kama wema. Alifungua kizimba akakiacha wazi.

"Huwakagui wengine?" fundi aliuliza.

"Wamesafiri kutoka ziwani, wamebeba mimba, wameruka ngazi yote hii. Halafu wakifika mlangoni niwapekue? Waache wapite. Kengele itahesabu."

Na kengele ikahesabu. Ililia jioni ile. Ililia asubuhi Karani akifungua mlango wa kibanda, ikalia akinywa chai, ikalia akiwa amepiga magoti kusafisha majani kwenye vidimbwi. Namba nyekundu ilipanda siku baada ya siku, na Karani akapanda nayo. Alinyoa ndevu. Aliimba, jambo lililowasikitisha wote waliokuwa karibu. Mkewe alimpigia pasi koti la kampuni na kusema kwamba sasa amekubali kuishi uke wenza, mradi mwenzake awe anafika kazini kwa wakati.

Kengele haikulia mara mbili kwa mpigo hata siku moja. Ililia, ikanyamaza muda wa kutosha, ikalia. Wapandaji wa zamani walikuja kama shule iliyofunguliwa, hawa walikuja mmojammoja kama watu wanaoingia kwa daktari. Hilo lilipaswa kumshtua. Lakini mwenye njaa hakagui sahani.

Namba ilipopita thelathini, alimpigia simu Meneja.

"Bosi, wamerudi. Njoo uone kwa macho yako."

Asubuhi ya ugeni huo Karani alifika mapema, akafunga kizimba, maana huwezi kumwita mkubwa aje atazame kengele. Fundi alikuwa ameazima shati la kitambaa kinachong'aa, vifungo vikipigania uhai. Wakangoja. Kengele ikalia.

"Huyo!" fundi alisema. "Na ana adabu, amefika kabla ya mgeni rasmi."

Karani aliingiza mikono, akamtoa. Jike. Kichwa kimechubuka, ubavu mmoja umepoteza magamba kana kwamba umeparuzwa na kijiwe. Tumbo bado limejaa. Alimgeuza, na kwenye pezi la mkia akaona pembetatu.

Aliipitishia kidole, akidhani pengine ni kidonda. Mkato ulikuwa safi. Ulikuwa wake.

"Vipi?" fundi aliuliza. "Ni dume?"

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Yule wa kwanza." Karani aliongea kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma matokeo yake ubaoni. "Anapanda, anafika juu, hakuna dume. Anazunguka, anatafuta, hakuna mtu. Maji yanamchukua, yanamtupa ng'ambo ya ukuta yanapofurika, anaangukia mawe. Halafu anaanza tena. Wale wote, shemeji. Wale wote ni huyu."

Fundi alitazama ukuta, akatazama mawe yaliyo chini yake, akajishika kifungo cha shati.

"Sikiliza," alisema. "Mashine imesema thelathini na ngapi. Mimi na wewe hatujasema kitu. Mrudishe, fungua kizimba, funga mdomo. Njia yako inabaki wazi."

Karani alimweka samaki kwenye beseni na kulifunika kwa kona ya turubai. Kwa kweli alikuwa ameamua kufunga mdomo. Angefanya nini kingine? Gari la Meneja lilikuwa linakata kona.

Meneja alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na moyo mkunjufu, na huo mchanganyiko umeangamiza wengi. Aliingia kibandani akiinama, akaiona namba nyekundu, akapiga makofi.

"Karani! Umetutoa kimasomaso! Na mimi nilidhani unakula hewa tu hapa."

"Asante, bosi."

"Sasa ngoja nikupe habari njema. Unawajua wavuvi wa kule mto unapoingia ziwani? Kila mwaka wanalilia ruhusa ya kutega nyavu, na kila mwaka kamati ya mto inawanyima, eti wapandaji wamekwisha. Leo mchana nakaa nao. Nitawaambia, wako tele! Tegeni! Kila mtu ale!"

Fundi alikohoa. Karani alitazama upande wa ziwani.

Kama kulikuwa na dume hata mmoja aliyechelewa, angekuwa kule, mdomoni mwa mto, akinusa matope na kujishauri.

"Bosi," Karani alisema. "Ni mmoja."

"Mmoja nini?"

"Samaki. Wote hao ni mmoja." Akafunua turubai, akamwonyesha mkia, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, maana kazi yake aliijua. Meneja alichuchumaa kwa uangalifu wa mtu mwenye suruali nzuri, akamtazama samaki, na samaki akamtazama kwa jicho moja, hawana namna nyingine.

"Mara thelathini na kitu?"

"Ndiyo, bosi."

"Maskini." Na alimaanisha. "Kwa hiyo nyavu, hapana."

"Hapana, bosi. Naomba."

"Sawa. Nyavu hapana. Umefanya vyema kusema." Karani akapumua. Meneja akasimama, akapangusa goti. "Sasa, kama samaki hawapo, hii njia tunaiacha wazi kwa ajili ya nani?"

Mantiki ile ilikuwa safi kama viatu vyake. Samaki wakiwepo, wavuliwe. Wasipokuwepo, wazibiwe njia. Karani alifungua mdomo akakuta kwamba ukweli wake wote ameshautumia.

"Kwa ajili yake," alisema mwishowe, akionyesha beseni.

Meneja alimshika bega. "Mzee wangu," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza Karani, kwa sababu haugombezeki.

Mwashi aliletwa siku hiyohiyo, na mchanga, na matofali ya zege. Fundi akafunga lango dogo la juu hadi maji ya ngazini yakabaki uzi mwembamba. Karani alisimama juu ya ukuta na beseni mikononi. Upande wake wa kushoto kulikuwa na mto wa juu, mpana, mtulivu, usio na mtu. Upande wa kulia, chini kabisa, kulikuwa na maji yaendayo ziwani, ambako njia ya kurudi haitakuwepo tena.

"Shemeji," aliita. "Juu au chini?"

Fundi, aliyekuwa na jibu kwa chura, kwa malango, na kwa ndoa ya dada yake, alivua kofia. Akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Karani akamwachia juu, kwa kuwa huko ndiko alikotaka kwenda. Samaki akapotea kwenye maji ya kahawia. Mwashi akaanza kazi mlango wa chini wa ngazi, akipiga mwiko na kuimba kidogo, maana kwake lile lilikuwa tofali kama matofali mengine.

Alikuwa amepanga safu ya kwanza na anapaka saruji kwa ajili ya ya pili, ndipo kitu kirefu, cha kijani, kilipomwagika juu ya ukuta pamoja na maji na kupiga mawe kwa sauti ya kofi. Wanaume watatu wakageuka. Baada ya kitambo mwashi akaacha kuimba.

"Wazee," alisema. "Kuna samaki hapa. Anataka kupita."

Karani alishuka ngazi zile za zege zilizokuwa zikikauka, akapiga magoti majini kando ya mwashi. Aliweza kumbeba tena. Aliweza kumbeba na kesho, na keshokutwa, hadi magamba yaishe na mayai yaozee tumboni, na huko juu bado kusingekuwa na mtu.

"Nisubiri?" mwashi aliuliza.

"Usisubiri," Karani alisema. "Endelea."

Ila saruji ilikuwa mbichi, na samaki alikuwa anaigonga kwa kichwa kilekile kilichochubuka. Karani akaingiza mkono, akaweka kiganja kati ya kichwa na tofali. Samaki akakisukuma. Akarudi nyuma kidogo, akakisukuma tena. Bado alikuwa na nguvu.