Mtoto Alikuwa Ananyonya

Makena Kirimi alikuwa ameomba ujaji mara mbili, na mara zote mbili aliangushwa na swali moja la fomu: Umewahi kuadhibiwa kazini? Eleza ulichojifunza.

Aliwahi. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa akimtetea Marie-Claire, mkimbizi kutoka Bukavu, katika mahakama ya uhamiaji hapa London. Mtoto wa miezi mitatu akalia, mama akamnyonyesha palepale kitini, kama akina mama wa kwao wafanyavyo bila kuomba ruhusa ya mtu. Jaji akamwamuru atoke, kisha akataka kesi iendelee bila yeye. Makena akafunga faili. Akasema hawezi kumtetea mtu aliyefukuzwa chumbani, akaketi, na alipoamriwa asimame hakusimama. Kesi ikaahirishwa, naye akapewa onyo la maandishi ambalo lilimganda kama kupe.

"Andika unajuta, tumalize," alisema James, mwenzake katika ofisi yao ya mawakili pale Kilburn, juu ya duka la simu. "Ni paragraph moja tu, Makena. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mkono uliomtoa mama na mtoto nje? Sibusu."

"Basi utastaafu ukiwa solicitor, wakili wa kawaida tu."

Maneno yalimchoma, kwa kuwa ujaji aliutaka, tena kwa roho yote. Alikuwa amechoka kusimama mbele ya kiti cha jaji akiomba, alitaka kukikalia. Alijiapiza kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Alijaza fomu bila kujuta, na safari hii, sijui kwa bahati gani, akaitwa kwenye usaili.

Jumapili kabla ya usaili alipanda treni hadi Barking kumwona Marie-Claire. Tuseme ukweli, alikwenda kusifiwa. Marie-Claire, ambaye sasa alikuwa mhudumu wa wazee, alimwandalia sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akangoja ale kwanza.

"Mama wakili," akasema, "siku ile nilikukasirikia sana."

"Mimi?"

"Weye. Yule jaji alinifukuza, ndiyo. Lakini weye ulikatala bila kuniuliza. Kesi ikarudi nyuma mwaka muzima. Mwaka muzima mu hosteli, baridi, mutoto anakohoa. Ungeniuliza, ningekuambia tuendelee."

Makena aliona aibu hadi masikioni. Miaka yote hiyo alikuwa akijipigia makofi peke yake.

"Nisamehe, Marie-Claire," alisema. "Kwa hiyo kwenye usaili niwaambie najuta?"

Marie-Claire akamkazia macho. "Ujute kwa kumukatalia yule jaji? Aa-a. Juta kwangu. Wao usiwape hata kidogo."

Jopo la usaili lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, mama mwenye mvi, alikuwa na lile onyo mezani.

"Bado hujuti?" aliuliza.

"Ninajuta jambo moja," Makena alijibu. "Sikumuuliza mteja wangu. Kesi ilikuwa yake, na ukaidi wangu ulimpotezea mwaka. Hilo nimemwomba radhi yeye mwenyewe. Kumkatalia jaji, sijuti. Alikosea."

"Jaji huyo ndiye aliyenifundisha kazi," mwenyekiti alisema polepole.

Neno moja la adabu lingetosha kumwokoa Makena, naye alilijua. Hakulitoa.

"Basi unamjua kuliko mimi," akasema. "Wewe unaonaje? Alikosea au hakukosea?"

Mmoja wa wanajopo wengine wawili aliacha kuandika. Mwenyekiti alitazama onyo, akaligeuza kifudifudi. "Swali linalofuata," akasema.

Barua ya uteuzi ilifika baada ya wiki sita. James aliisoma mara mbili, akaketi. Makena hakungoja pongezi zake. Alitoka nje, akasimama kando ya kituo cha basi, akampigia Marie-Claire.

"Wamenipa," alisema. "Siku ya kula kiapo nitaombwa kusema maneno machache, na nataka kusimulia habari ya siku ile. Lakini habari ni yako. Nikutaje jina, au ninyamaze?"

"Sasa umeniuliza," Marie-Claire alisema. "Nitaje. Na useme mutoto alikuwa ananyonya."