Slava Haialikwi

Baridi naijua, nimezaliwa nayo hapa Kikinda, mji wetu karibu na mpaka, lakini sikuwahi kuona mtu akilipa nauli kwenda kuitafuta. Basi mwezi wa kwanza mwaka huu, theluji imefika magotini, Vidosava akanijia jikoni, hajavua hata koti, akaniambia, "Grozda, twende tukatembee Ulaya."

"Ulaya ipi? Kwani hapa ni mwezini?"

"Budapest, Bratislava, Vienna. Tupande mabasi ya bei chee, tulale kwenye zile nyumba za vijana wanaobeba mabegi mgongoni. Wiki moja tu, shoga yangu."

"Na tarehe ishirini je?"

Akaanza kuokota makombo mezani kwangu ambayo hayakuwapo.

Tarehe ishirini ni Mtakatifu Yohana, na ndiyo slava ya nyumba yake. Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake, na siku yake mwenye nyumba anawasha mshumaa, anakata mkate, anampa kila mgeni kijiko cha ngano ya kuchemsha, na mlango unakaa wazi kutwa nzima. Slava inarithiwa, baba kwa mwana. Na slava haialikwi. Anayejua anakuja, asiyejua hana lake pale. Ukimwita mtu, umeiharibu. Kufunga nyumba siku hiyo ukaenda kutembea ni aibu ambayo watu wa mtaa wetu wangeitafuna mpaka Pasaka.

"Vida," nikasema, "mficha uchi hazai. Sema."

"Nakwenda kwa Ognjen."

Ognjen ni mwanawe, wa pekee, fundi wa lifti huko Vienna, anakaa na mkewe Milijana na mtoto wao. Alipoondoka, baba yake Svetozar, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hasira za karibu, alisimama hapo uani akapiga kelele, "Ukitoka kwenye lango hilo, usirudi kuwasha mshumaa wangu!" Basi mtoto akatoka. Svetozar alipokufa mwaka jana mwezi wa nne, Ognjen alikuja kuzika, na kaburini mtu mmoja mjinga akamuuliza habari ya slava. Akajibu, "Ife naye. Si ndivyo alivyotaka?" Tangu siku hiyo anampigia mama yake kila Jumapili, wanazungumza habari za mvua.

"Mpigie basi, umwambie unakuja."

"Nikimpigia, nimemwalika kwenye slava yake mwenyewe. Atawasha mshumaa kwa kunionea huruma. Sitaki. Nataka nifike siku yenyewe, nibishe hodi kama mgeni mwingine yeyote. Nikiukuta unawaka, nyumba yetu ingali hai. Nisipoukuta, basi Svetozar tumemzika na kila kitu chake."

"Na majirani?"

"Waambie tumekwenda kutembea. Afadhali waseme Vida kapata wazimu wa uzeeni kuliko waseme mwanawe kaitupa slava."

Nilikasirika, kusema kweli. Nilimwita mpumbavu, nikamwita majina mengine pia. Kisha nikaenda kutafuta soksi zangu za sufu.

Kufika Szeged, mji wa kwanza ng'ambo ya mpaka, si mbali, tukala mayai yetu ya kuchemsha kwenye benchi la stesheni. Hapo Vida akaizima simu yake, maana ukivuka mpaka kampuni ya simu inakukamua mpaka tone la mwisho. Budapest tulipewa kitanda cha ghorofa, katika chumba kimoja na wasichana wa Kipolandi waliotuita bibi. Nikamwambia Vida mimi silali juu, goti langu halitaki ngazi. Akasema goti lake ndilo baya zaidi. Tukabishana mpaka binti mmoja akatuachia kitanda chake cha chini, naye akapanda juu anacheka. Asubuhi tulikunywa chai yetu ya chupa tukiwa ndani ya tramu. Tramu ina joto, na ukiipanda mwanzo ukashuka mwisho, umeuona mji wote umekaa.

"Raha, eeh?" nikamwambia.

"Raha," akasema, lakini hakuwa anatazama dirishani.

Bratislava upepo ulikuwa wa kumtoa mtu meno. Mwenye akili angeingia kanisani ajikanze. Vida akataka tusimame kando ya mto Danubi, nami nikasimama naye, nikitukana chini kwa chini.

"Maji haya yatapita nchini kwetu, kule Novi Sad," akasema.

"Na yapite. Sisi tuingie ndani."

"Siku ile Svetozar anamfokea, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo hapo mlangoni. Mimi pia nilikuwapo."

"Nilikuwa nimeshika sinia. Ningesema neno moja tu, Svetozar angenywea, unamjua. Sikusema. Nilijiona mke mwema." Akafuta pua kwa glavu. "Yule mtoto hakufukuzwa na kelele za baba yake, Grozda. Alinitazama mimi kwanza, nikainamisha macho kwenye sinia, ndipo akaondoka."

Mimi ndiye mwenye mdomo usio na breki. Nilimshika mkono tu. Nilimhurumia mpaka nikasahau upepo.

"Kesho usipouona mshumaa," akasema, "usitie neno. Niahidi. Tutakunywa kahawa yao, tutamsifu mtoto wao, tutaondoka."

Nikaahidi. Wala sikujua kama ningeweza.

Tarehe ishirini tukafika Vienna. Vida alibadilisha nguo chooni stesheni, akavaa gauni la bluu na viatu visivyofaa kwa theluji, akanunua maua na chupa ya mvinyo, maana mgeni wa slava haendi mikono mitupu. Njia nzima alikuwa akisema peke yake midomo ikitikisika. Tulipanda ngazi, katika jengo la fundi wa lifti, lifti imeharibika, nikaona hilo nitamsema nalo baadaye. Mbele ya mlango Vida akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, akabonyeza kengele.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akaweka sikio mlangoni. Nikachungulia tundu la kitasa kama mwizi: giza, hakuna mshumaa wala mtu.

"Basi," akasema Vida. Alisema kwa sauti ndogo kabisa. "Basi, nimejua." Akayaweka yale maua chini, mlangoni, ungedhani ni kaburini.

Ahadi yangu ikafia hapo. Nilianza kuupiga ule mlango kwa ngumi nikimwita Ognjen kila jina ambalo mama yake hakumpa. Ndipo mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye aproni, akatufokea kwa lugha yetu wenyewe, lafudhi ya kusini, ya Leskovac.

"Nyie mna nini? Mnavunja nyumba?"

"Tunamtafuta Ognjen!" nikamfokea nami. "Mwambie mama yake kaja!"

"Mama yake?" Akatutazama, mmoja mmoja. "Ognjen hayupo. Jana kachukua mkewe na mtoto na gari limejaa vyungu, wamekwenda Kikinda. Kasema kwao kuna slava."

Vida akakaa kwenye ngazi, hapo hapo, na gauni lake la bluu. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Vida akanipiga na mkoba mguuni, naye machozi yanamtoka.

"Washa simu, wewe!" nikamwambia. "Wakukamue tu!"

Alibonyeza kila kitufe isipokuwa chenyewe, nikaiwasha mimi. Haikupita muda ikalia. Kwenye ngazi kila neno lilisikika.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko mlangoni kwako."

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, sahani, mtu anakohoa.

"Mimi niko jikoni kwako," akasema. "Mama, mbona hukuniambia?"

"We mbona hukuniambia?"

"Slava haialikwi."

"Si ndiyo hapo!"

"Nimekuta nyumba imefungwa, majirani wananiambia umekwenda kutembea Ulaya. Nikasema hataki kuniona nawasha mshumaa wa baba. Nusura nigeuze gari, ila ufunguo wa zamani bado ninao."

"Umeuwasha?"

"Asubuhi. Umezimika mara mbili, mara ya tatu ukashika."

Vida alifumba macho. Jirani wa Leskovac alikuwa analia kwenye aproni yake, ingawa sisi ni wageni kwake.

"Na ngano umechemsha?"

"Milijana kachemsha. Imeshika chini kidogo."

"Ya chini msiikwangue, itatia uchungu yote." Akavuta pumzi. "Mwanangu, siku ile uani. Nilipaswa kusema neno."

"Mama, nyumba imejaa watu."

"Najua. Nasema ili ulisikie. Nilipaswa kusema neno."

"Nimelisikia," akasema Ognjen. Kisha akasema, "Nije kukuchukua? Nikiondoka sasa hivi..."

"Thubutu!" Vida akasimama. "Mwenye nyumba haondoki siku ya slava. Wageni wako hao. Simama uwahudumie."

Mvinyo na maua tulimwachia yule wa Leskovac, naye akatulisha supu, akatutafutia basi. Siku ya pili ya slava watu bado wanakwenda, wale waliochelewa na wale waliotoka mbali, nasi tulikuwa yote mawili. Tulifika Kikinda mchana, tumekunjamana, Vida miguu imevimba kwa vile viatu vyake vya kipuuzi. Duka la kona akanunua maua mengine.

Langoni nikamwambia, "Toa ufunguo, naganda."

Ufunguo alikuwa nao mkobani. Akapita uani, akapanda ngazi zake, na kwenye mlango anaouingia tangu alipoolewa akabisha hodi. Akasubiri.

Ognjen akafungua. Kanenepa, na shati lilikuwa na doa la supu.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," Vida akamwambia.

Hadi siku hiyo aliyeitwa mwenye nyumba alikuwa baba yake. Ognjen akausukuma mlango wazi kabisa. "Karibu, mgeni. Karibu ndani."

Wakakumbatiana pale mlangoni mpaka nikalazimika kuwasukuma, maana baridi ilikuwa inaingia. Ndani mshumaa unawaka, wageni wanne watano mezani, na Vida hakuwatazama hata. Alivua koti, akakunja mikono ya gauni, akaelekea jikoni moja kwa moja. Ognjen akamzibia njia.

"Mgeni haingii jikoni, Mama. Kaa."

"We mtoto, usinichezee. Supu hiyo..."

"Kaa."

Miaka yote niliyokuja slava nyumba ile, sikuwahi kumwona Vida ameketi. Siku hiyo akaketi. Mwanawe akamletea ngano kwa kijiko, kisha supu, akasimama nyuma yake kama inavyompasa mwenye nyumba. Vida mikono hakujua aiweke wapi, akaiweka mapajani, akaiweka mezani, akairudisha. Mimi si mtu wa machozi, lakini nililia kwenye supu yangu bila haya.

Baada ya kitambo akajisogeza, akajisogeza tena, akaniinamia sikioni.

"Grozda," akaninong'oneza, "viti vyangu ni vigumu namna hii? Na nyie mmekaa tu miaka yote, hamsemi?"