Mama Kidonge Anaomba Kurudi Darasani

Kwa miaka thelathini Mama Kidonge alikuwa muuguzi wa shule ya bweni, na katika muda huo wote hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugua. Si kwamba hawakujaribu. Walikuja wameshika matumbo, wamejipaka pilipili machoni. Mmoja aliletwa na wenzake wanne, amebebwa juujuu kama mfalme aliyefariki. Wote walipata kidonge kimoja cheupe na amri moja: "Rudi darasani!"

Alipostaafu, akapata saratani ya pafu. Bintiye, fundi cherehani, akafunga duka ampeleke hospitali.

"Dripu hii haiui saratani yenyewe," daktari alieleza. "Inaiamsha kinga ya mwili, askari waliokuwa wamelala zamu, ikapigane. Lakini askari hao wakipandwa na hasira hupiga hata raia. Ukiharisha, ukikohoa, ukitokwa na vipele, piga simu siku hiyohiyo." Akampa kadi ya njano yenye namba.

Baada ya dripu ya nne, picha ilionyesha uvimbe umepungua nusu. Binti alicheka peke yake kwenye korido hadi mfagiaji akamuuliza kama yuko salama.

Wiki mbili baadaye, akimpima mama yake gauni, futi ya kupimia ikamshtua. Kiuno kilikuwa kimekwisha. Na ile kadi ya njano ilikuwa imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza inayotikisika.

"Mama, unaharisha?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Siku tisa. Nimemeza kidonge."

"Mama! Si walisema upige simu?"

"Nimsumbue daktari kwa habari za choo? Watasema natega."

"Nani atasema?"

Mama Kidonge akafikiri kwa haki kabisa. "Mimi ningesema."

Hospitali walimlaza papo hapo. Askari walikuwa wameuvamia utumbo. Ikabidi watulizwe kwa dawa kali.

"Na ile dripu yangu?" mama akauliza.

"Hiyo basi, mama. Tukikurudishia, safari ijayo utumbo utatoboka."

"Na uvimbe?"

"Kwa wengine hubaki umetulia. Wako, sijui."

Hapo Mama Kidonge akajiinua kitandani. Akatoa ulimi uonekane ulivyo safi. Akajipiga tumbo, pa, pa, akitabasamu huku jasho likimtiririka. "Tazama, daktari, sina kitu. Niko mzima. Nirudishe."

Binti aliutambua mchezo huo wa wanafunzi, ila ulikuwa umegeuzwa ndani nje. Alitaka amsaidie mama yake, aseme ndiyo, jana alikula vizuri, alipanda ngazi mwenyewe. Badala yake akamfuta jasho.

Daktari alimtazama mgonjwa wake bila hasira.

"Hapana, mama," akasema. "Lala."

Akalala.