Kiti Kirefu cha Mbele

Babu yangu Merv hakuwahi kuegesha gari lake chini ya mkalitusi. Joto likizidi, miti ile huachia matawi bila upepo wala dalili, na tawi moja linatosha kubonyeza paa la gari kama mkate. Tawi lisipoanguka, kuna kasuku weupe na vinyesi vyao. Ndiyo maana kila Jumapili, tukienda kumchukua Bibi kwenye makazi ya wazee hapa Port Pirie, Australia, Babu aliupita mkalitusi wa langoni na kivuli chake chote, akaenda kuliacha gari juani, ng'ambo ya barabara, karibu na kona.

"Utaungua makalio ukirudi kukaa," nilikuwa nikimwambia.

"Makalio yatapona. Rangi haiponi."

Lilikuwa Holden EH, rangi ya maziwa, paa la kijani. Alilinunua akiwa kijana wa kiwanda cha kuyeyushia madini, kabla hajamwoa Bibi Lorna. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu, kutoka mlango hadi mlango, na gia ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuwatenganisha waliokaa. Tangu uchumba wao Bibi hakukaa dirishani. Aliteleza mpaka katikati, bega lake likagusa la Babu, na hapo ndipo pakawa pake. Kando ya paja lake, kwenye ngozi nyekundu ya kiti, kulikuwa na tundu dogo. Alilitoboa mwenyewe kwa sigara siku Babu alipomwomba wafunge ndoa. Alishtuka, sigara ikamponyoka.

Sasa Bibi anasahau. Jina langu ndilo lililotangulia kupotea, likafuata la mama yangu, mwisho likapotea la Babu. Chumbani kwake alimwita "yule bwana". Siku nyingine alimdhania fundi, akamwonyesha bomba.

"Linavuja hilo, bwana."

"Nitalitazama, mama," Babu alijibu, akainama kweli kulitazama.

Lakini ndani ya gari mambo yalikuwa mengine. Bibi alikuwa akiingia kwa wasiwasi, mkoba kifuani, kisha kidole chake kinapapasa ngozi mpaka kinaliona lile tundu. Hapo uso wake unafunguka. Anateleza katikati.

"Merv," anasema, "leo unatupeleka wapi? Na usiendeshe kama kasisi. Kanyaga!"

"Kasisi hana mke wa kumpigia kelele," Babu anajibu, na macho yake yanang'aa.

Mimi nilikaa nyuma kimya, nisije nikaharibu. Tulikwenda hadi gati la Port Germein, wao wakala chipsi kwenye karatasi, Bibi akamsema Babu kwa kuzidisha siki, tukarudi. Mlangoni pa makazi aliposhuka tu, Babu aligeuka tena kuwa yule bwana. Alikuwa ameridhika hivyo. Juma zima aliishi kwa ajili ya safari ile.

Jumapili ya ajali kulikuwa na joto kali. Babu alilipitisha gari mbele ya mkalitusi, akautazama kwa jicho baya, akaenda kuegesha pale pale ng'ambo, karibu na kona. Ndani tulimkuta Salote, muuguzi kutoka visiwa vya Tonga anayempaka Bibi rangi ya midomo kila Jumapili.

"Haya, bibi harusi," Salote alisema, "bwana wako kaja, na leo kanyoa."

"Kanyoa vibaya," Bibi alisema akimkagua Babu. "Nani huyu?"

"Dereva," Babu alisema.

Tulikuwa mlangoni, Salote kamshika Bibi mkono, tuliposikia breki, kisha kishindo, kisha chuma kikilia kwa kuburutwa. Pikapu iliyotoka kuvua, ikivuta boti juu ya tela, ilikuwa imeingia kona na jua limempiga dereva usoni. Pikapu yenyewe ilipita. Tela ndilo lililoyumba, likalipiga gari la Babu ubavuni, upande wa usukani, na kulisukuma hadi juu ya ukingo wa njia. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani. Paa la kijani lilikuwa limekunjika. Kioo kilimwagika barabarani kama chumvi.

Dereva wa pikapu, mtu wa makamo aitwaye Brenton, alishuka akiwa ameshika kichwa. "Kuna mtu ndani? Jamani, kuna mtu ndani?"

"Hamna," Babu alisema. "Hamna mtu."

"Sikuliona, mzee. Jua. Nakuapia sikuliona."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi kaa chini kabla hujaanguka."

Bibi alikuwa akitazama kwa huruma. "Maskini," alisema, "sijui ni gari la nani. Zuri hivyo!" Kisha akamgeukia Salote. "Turudi kibarazani, mwanangu. Mume wangu anakuja kunichukua, na njia imezibwa."

Babu alisimama katikati ya barabara, funguo mkononi. Nyuma yake mkalitusi ulikuwa umetulia, haukudondosha hata jani.

Mkaguzi wa bima alikuja, akapiga picha, akasema nguzo ya mlango na sakafu vimepinda, gari halitengenezeki. Alisema kwa upole. Babu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Jumapili iliyofuata tulijaribu gari langu dogo. Bibi aliingia, akapapasa kiti chake cha peke yake, akapapasa tena, akamwona Babu kakaa mbali, ng'ambo ya gia.

"Huyu nani?" alinong'ona. "Simjui huyu bwana. Nishusheni."

"Lorna, ni mimi."

"Nishusheni!"

Tulimshusha.

Wenzake wa chama cha magari ya zamani hawakumwacha. Mmoja wao, mzee Clem, alimletea EH yake mwenyewe, rangi ile ile, kiti kirefu vile vile. "Kaa nayo, Merv," alisema. "Mimi na mke wangu tukikaribiana hivyo tutauana." Babu alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ajali. Lakini Bibi alipoingia, kidole kilitafuta kwenye ngozi, kikatafuta, hakikupata kitu. Alianza kulia polepole, kama mtoto aliyepelekwa nyumba isiyo yake.

Ndipo Babu alipopata wazo la kiti. Gari lake lilikuwa bado uani kwa waliolivuta, likisubiri kupondwa. Alikwenda yeye na Clem na spana zao, wakarudi na kiti kirefu nyuma ya pikapu ya Clem. Ncha ya upande wa usukani ilikuwa imepinda na kuchanika. Waliinyoosha, Babu akaishona kwa mkono wake. Tundu hakuligusa. Alikiweka gereji, nyumbani kwake, pale pale gari lilipokuwa likilala, kikitazama mlango ulio wazi na barabara. Siku mbili alifagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi.

"Akikaa hapa, atanijua," aliniambia. "Safari si lazima. Mimi nataka anijue tu."

Nilimnyooshea kola.

Jumapili hiyo Babu alibaki nyumbani, ili Bibi asiogope njiani. Salote alikaa naye kiti cha nyuma, nami nikaendesha. Tulimwingiza gereji taratibu. Babu alisimama kando ya meza ya zana, nywele kazilowesha na kuzichana, mikono kaificha nyuma.

Bibi alikitazama kiti. Akakaa mwishoni, mkoba kifuani. Kidole kikaanza safari yake juu ya ngozi nyekundu, kikafika, kikazama ndani ya tundu.

Uso wake ulifunguka. Nilimwona Babu akishusha pumzi.

Bibi aliteleza mpaka katikati. Akatengeneza gauni. Akaangalia barabarani, akitabasamu.

Babu alizunguka kwa nyuma kama alivyozoea, akakaa upande wa usukani ambao haukuwepo, bega lake likagusa la Bibi.

Bibi alijivuta. "Samahani, bwana," alisema kwa adabu. "Hapo pana mwenyewe. Hapo ni pa Merv."

Salote aligeukia ukuta. Babu alikaa vile vile kidogo, mikono juu ya magoti. Kisha akainuka.

"Samahani, mama. Sikujua."

"Si kitu. Anakuja sasa hivi. Analiosha gari. Kila siku analiosha, utafikiri ni mtoto mchanga."

"Ni mtu mwema, huyo Merv?"

Bibi alifikiri. "Anaendesha kama kasisi," alisema, akacheka. "Lakini atakuja. Hajawahi kuniacha nimesimama."

"Naweza kumsubiri pamoja nawe?"

"Kaa hapo." Alimwonyesha ncha nyingine, ya dirishani, ambayo miaka yote hakuna aliyeikalia.

Babu alikaa. Bibi alifungua mkoba, akatoa peremende mbili. Moja akampa Babu. Nyingine akaiweka kwa uangalifu juu ya ile sehemu iliyoshonwa, mahali pa dereva, akaipapasa isidondoke.

"Yake," alisema.

"Ataipenda," Babu alisema. Alijaribu kuifungua yake, vidole vikamshinda, Bibi akamfungulia.

Wakakaa wakimung'unya, nafasi ya mkono mmoja kati yao, na kila gari liliposikika kwenye kona wote wawili waliinua nyuso kutazama.