Uzushi Kwenye Kiti cha Nyuma

Mwinjilisti alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umemwangusha mtihani wa uchungaji mara mbili: hakuweza kutamka uongo, hata uongo wa mtu mwingine. Mwulize Ario, yule mzushi wa kale, alifundisha nini kuhusu Mwana wa Mungu, uone. Uso unakunjamana, kidole kinapanda juu, na jibu linatoka kama kofi: mpotofu. Sawa, mpotofu, kila mtu anajua ni mpotofu, lakini alisema nini? Hapo mzee anafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Hawezi kuuchafua ulimi wake. Wakufunzi wa chuo cha theolojia wakasubiri, wakakohoa, wakaandika sifuri. Jamani, mtu amefundisha katekisimu nusu ya mtaa, leo anapewa sifuri kwa kukataa kumnukuu marehemu!

Safari hii ilikuwa ya tatu, na chuo hakikuwa na ya nne. Akianguka, basi, atabaki mwinjilisti mpaka Bwana amwite. Wala usifikiri ni jambo dogo. Miaka yote yeye ndiye aliyewafundisha watu wa kubatizwa, akawashika mkono mpaka kwenye maji, kisha akasogea pembeni ili mchungaji amwage, maana kanisa lao halimruhusu asiyewekewa mikono ya uchungaji kubatiza. Mwenyewe alizoea kusema kwa mzaha kwamba yeye anapika, wengine wanapakua, na watu wakacheka. Binti yake peke yake ndiye aliyejua kwamba mzaha ule ulimuuma.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa udereva, na kama kuna kazi inayofundisha uvumilivu hapa duniani ni hiyo. Siku nzima ameketi kwenye kigari cheupe chenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, akiwaambia watu wazima kwa upole kwamba ule ni ukuta na ukuta hausogei. Aliwahi kumfundisha bwana mmoja aliyefumba macho kila alipobadili gia, na bwana huyo leo anaendesha lori. Sasa atashindwa na baba yake mzazi? Akakata shauri. Kila siku baba atapanda kiti cha nyuma, kitabu cha historia ya Kanisa mapajani, na wanafunzi wakipokezana usukani yeye atajifunza kutamka.

"Baba," akamwambia siku ya kwanza, "ukiwasha indiketa ya kulia, gari limegeuka?"

Mzee akasema halijageuka.

"Basi kumnukuu mzushi ni hivyo hivyo. Unaonyesha tu anakoelekea. Wewe hugeuki."

Mwinjilisti akalitafuna neno hilo mzunguko mzima wa uwanja wa mazoezi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, akasema kwamba Pelagio, huyo Pelagio, alidai mtu anaweza kuwa mwema kwa juhudi zake mwenyewe. Akangoja radi. Radi haikuja. Akasema tena, kwa nguvu kidogo. Akacheka. Nani angejua? Kufika mwisho wa juma mzee alikuwa amenogewa hasa. Alitetea hati za msamaha, zile zilizouzwa zamani ili kuwatoa marehemu toharani, kama mtu aliyezichapisha mwenyewe. Aliwasema vibaya Luther na Kalvini kwa niaba ya Papa, akamsema vibaya Papa kwa niaba ya Luther, akipiga kiti cha mbele kwa kiganja kila alipofika kwenye hoja. Mwalimu wa udereva alicheka mpaka akasahau mguu wake uko juu ya nini, gari likasimama ghafla katikati ya uwanja, na maskini mwanafunzi akaomba radhi kwa kosa asilolijua.

Ukurasa mmoja tu ndio binti aliuruka kila mara, akisema tutaurudia. Ulikuwa ule wa Waanabaptisti, wale waliosema mtoto mchanga asibatizwe, angoje akue, aamini mwenyewe. Aliuruka kwa sababu mmoja wao alikuwa analala kitandani kwake. Mumewe, fundi bomba, ni wa kanisa la namna hiyo, na mtoto wao alipozaliwa mwinjilisti alifika na furaha yake yote akiuliza siku ya maji ni lini. Fundi bomba akamjibu kwa heshima kwamba siku hiyo mtoto ataitaja mwenyewe. Wakabishana pale sebuleni mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee akaziba masikio kwa vidole viwili, kweli kabisa, mtu na nywele zake nyeupe, akatoka. Sasa yule mtoto anakimbia na kuuliza maswali, na babu hajakanyaga tena nyumba ile. Mjukuu ndiye anayepelekwa kwa babu. Mkwe akitajwa, mzee anauliza kama mvua itanyesha. Kwa hiyo ukurasa ule binti aliuogopa kuliko mtihani wenyewe. Aliona bora baba akose swali moja kuliko kidonda kile kitoneshwe.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka aliporudi mwanafunzi wa alasiri, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mama mwenye mwili wake na sauti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Solo. Juma zima alikuwa safarini, kwa hiyo habari za kiti cha nyuma hakuwa nazo. Alipopanda alimwamkia mwinjilisti vizuri, naye akaitikia vizuri, kisha akazama kitabuni. Solo akatia gia ya kwanza, akatia ya pili, akaingia kwenye kona kwa madaha. Ndipo mwinjilisti wake, mtu aliyemfundisha kipaimara, akanguruma nyuma ya kisogo chake maneno ya Ario: "Mwana ni kiumbe! Kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo!"

Solo akakanyaga, ila hakukanyaga breki. Gari liliruka ukingo, likalaza koni zote za mazoezi, na kama si ile breki ya mwalimu wangeingia dirishani na kumwamkia karani wa ofisi mezani kwake. Kabla mtu hajauliza nani kaumia, Solo alikuwa ameshashuka, viatu mkononi, anaelekea kwa mchungaji.

Kesho yake mchana mchungaji akabisha hodi nyumbani kwa mwinjilisti, nyuma yake wazee wawili wa kanisa, na nyuma yao Solo, wote nyuso za msibani. Jambo lilikuwa zito. Mtahiniwa haingii chumba cha mtihani bila mchungaji wake kuthibitisha kwamba imani yake ni safi. Mchungaji akauliza kwa upole kama ni kweli. Mwinjilisti, ambaye tumekwisha kusema hajui uongo, akajibu kwamba ni kweli, ameyatamka, tena mara nyingi, tena kwa sauti. Mzee mmoja wa kanisa akashika kichwa. Binti, aliyekuja kumchukua baba kwa mazoezi, akaona mtihani unaota mbawa, akaruka katikati, akamwaga yote kwa pumzi moja: sifuri mbili, indiketa, Pelagio, kiti cha nyuma.

Wazee wawili wakamgeukia mchungaji. Kisha mabega ya mchungaji yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mlango, akakiri kwamba yeye mwenyewe, enzi zake chuoni, maswali hayo aliyajibu kwa kunong'ona huku anatubu kimoyomoyo. Akavuta kiti, akasema leo mkufunzi ni yeye, haya, tuanze. Ndugu yangu, ikawa vurugu tupu. Mzee mmoja wa kanisa alipewa kuwa Kalvini, akasinzia, na mwenzake akasema hilo nalo Mungu alilipanga tangu milele, kama Kalvini alivyofundisha. Solo, aliyekuja kushtaki, aliombwa auze hati za msamaha, na haki ya Mungu aliziuza kwa sauti ile ya kwaya mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza zinapatikana wapi. Mchungaji aliondoka anajifuta machozi, ametoa uthibitisho wake wote.

Sasa siku ya mtihani. Chuo kina utaratibu wake: mtihani wa mwisho ni wa mdomo, mbele ya wakufunzi watatu, na mtahiniwa anaruhusiwa msindikizaji mmoja, akae benchi la nyuma, asifungue kinywa. Binti alikaa huko, mguu wake wa kulia ukipapasa sakafu kutafuta breki.

Swali la kwanza lilitaka kujua wauzaji wa hati za msamaha waliwaambia nini watu. Mwinjilisti akavuta pumzi, akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Aliyatoa yote. Aliwaonyesha wakufunzi wazazi wao marehemu wakiungua na kuwanyooshea mikono toka motoni, akawauliza ni mtoto wa namna gani anayefunga mkoba wake huku mama yake analia. Sauti ilipanda, ikashuka, ikanyamaza pale pale panapotakiwa.

"Amina," akaitikia mkufunzi wa kulia, kisha akashtuka, akajifunika mdomo. Mwenzake wa kushoto akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Binti aliuma ncha ya mtandio wake ili asipasuke mbavu. Raha ilimjaa mpaka kichwa kikawa chepesi, na moyoni akaanza kumwita baba yake mchungaji.

Ila mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, hakuwa amecheka. Alifunua karatasi yake. "Tupe hoja ya Waanabaptisti juu ya ubatizo wa watoto," akasema. "Iseme kama wanavyoisema wao."

Kicheko kikamkatika binti. Ukurasa ule alikuwa ameuruka yeye, kwa mikono yake mwenyewe, na sasa baba anazama kwa sababu yake. Mwinjilisti akaketi. Akatazama viganja vyake. Akatazama dirisha, na binti akajua kabisa kwamba sasa ataulizia mvua. Mkufunzi wa kushoto akaishika kalamu.

"Wanasema mtoto ni wa Mungu tayari, kabla ya maji," mzee akaanza taratibu, bila ile sauti ya mimbari. "Wanasema ubatizo ni jibu, na hakuna anayejibu kabla hajaulizwa. Baba anayengoja, wanasema, si kwamba hampendi mwanawe. Anampenda kiasi cha kutotaka kumwibia siku yake, siku atakayosimama kwa miguu yake mwenyewe na kusema, mimi nataka."

Binti aliganda. Hayo hayakuwa maneno ya kitabu. Yalikuwa maneno ya fundi bomba, neno kwa neno, aliyoyasema pale sebuleni kwa mzee aliyeziba masikio. Kumbe hayakuzibika. Yaliingia, na muda wote huu baba alikuwa anaishi nayo, ameyatunza kuliko hata yeye mke alivyoyatunza. Machozi yakamtoka na kicheko kikarudi papo hapo, vyote kwa pamoja, akawa hajui afute kipi.

Mwenyekiti akauliza yeye mwenyewe ana maoni gani.

"Mimi sikubaliani nao," akasema mwinjilisti. "Lakini aliyeniambia hivyo si mjinga, na mimi nilimwacha anaongea peke yake."

Wakamtoa nje, hata benchi hakulipasha moto, wakamwita tena, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Amefaulu. Yule wa Amina alimpa mikono miwili.

Garini binti alikuwa hajiwezi. Alipiga honi bila sababu, akamwita baba mchungaji mara kumi, akawasha vifuta vioo badala ya indiketa, yeye, mwalimu. Akauliza waanzie wapi, kwa mchungaji au kwa Solo ili mtaa wote ujue kwa mkupuo mmoja. Mzee alikuwa anacheka naye muda wote. Kisha akasema waanzie kwa fundi bomba.

Walimkuta kazini, katika nyumba inayojengwa, kalala chali chini ya sinki la jikoni, miguu tu ndiyo inaonekana, spana zimetapakaa pembeni. Mwinjilisti hakungoja atoke. Alisimama akaanza kuongea na ile miguu.

"Mkwe," akasema, "leo nimekutetea mbele ya wakufunzi watatu mpaka wamenipa uchungaji. Na bado umekosea."

Miguu ikatulia tuli. Kitu cha chuma kikaanguka huko ndani. Fundi bomba akajivuta nje polepole, uso umelowa, akamtazama mkewe, akamtazama mzee, akasema shikamoo baba. Mzee akasema marahaba.

"Nitangoja na wewe," akasema. "Lakini siku mtoto akisema anataka, anaitwa babu yake. Asiitwe mtu mwingine. Mikono hii ndiyo itakayommwagia maji."

Fundi bomba akajikuna shingo. Alikuwa na furaha ya kutaka kumkumbatia mzee, lakini neno moja lilikuwa halijasemwa, na yeye naye, ndiyo bahati mbaya ya familia hii, hajui uongo.

"Baba," akasema, "sisi hatumwagi. Tunazamisha."

Mwinjilisti akafumba macho. Vidole vyake viwili vilipanda mpaka karibu na masikio, vikasita hapo, vikashuka.

"Haya," akasema. "Nieleze na hilo."

Fundi bomba akageuza ndoo, akaipangusa kwa mkono wa shati lake, akamsogezea baba mkwe aikalie.