Nilipimwa Pamoja na Risasi

Usiku wa jana niliota mlio kabla sijaona kitu: ti, ti, ti, kama kijiko kinachogonga ukingo wa kikombe. Mwanga ulipokuja, nikaiona mizani ya dada yangu Mwanakheri, ile anayopimia vichwa vya risasi. Ilikuwa inakohoa.

"Mbaruku, panda."

Nilijua nimeitiwa nini. Kukicha, mimi na dada, tukitumia bunduki moja, tulikuwa na shindano la shabaha, bunduki ikilazwa juu ya mifuko ya mchanga. Risasi tano, karatasi moja; matundu yakibanana hata yakaonekana moja, umeshinda. Tulikuwa tunagombea pamoja nafasi ya mwisho katika timu ya mkoa, nafasi ambayo dada anaitamani tangu hajaolewa. Yeye alitaka vichwa vyepesi, vya gramu nne. Mimi, niliyejipangia kufyatua, nikajaza vya gramu saba, nikamwambia mwanamume hapigi kwa choroko.

Nikapanda.

"Umezidi," mizani ikasema.

"Nimemzidi nani?"

"Kipimo. Shuka."

"Sishuki! Mimi ndiye Mbaruku, upepo ukiniona hujificha..."

Kila neno la kujisifu linaongeza uzito. Sahani inainama, mizani inalia, nami naendelea, maana mimi ni mtunzi, ubeti nikishauanza siukati. Nilipofika mstari wa mwisho sahani ikakatika, nikatumbukia ndani ya ganda la risasi, baruti hadi magotini.

Ganda lenyewe lilikuwa fupi, nene, lenye mabega mapana.

"Mimi nilitaka ganda refu," nikalalamika.

"Refu ni la nyati," likajibu. "Hapa tunatoboa karatasi. Karatasi imekukosea nini?"

Hapo baruti ikawaka.

Sasa nimo ndani ya mtutu, na mtutu ni ngazi ya kuzunguka.

"Zunguka, bwana," mtutu unasema. "Ila mifereji yangu ya kuzungushia risasi inapinda polepole, imechongwa kwa ajili ya risasi nyepesi. Mzito na mrefu kama wewe utatoka hujazunguka vya kutosha."

"Sifundishwi kutembea."

"Haya."

Nikatoka nayumba kama mlevi, ubavu mbele. Upepo alikuwa amekaa uwanjani kwenye kiti cha plastiki, bendera zake ndogo za kuonyesha anakovuma mapajani.

"Wazito nawaheshimu," akasema. "Siwasukumi sana. Lakini wewe unakuja kwa ubavu, ndugu yangu. Nikusaidieje?"

Nikaigonga karatasi na kuacha tundu refu, mfano wa mtu aliyelala. Wenzangu wanne wa gramu saba wakafuata, wakiyumba vilevile, wamevaa makoti ya shaba.

"Piteni hapa nilipopita!" nikawaita.

"Mlango wako? Sisi tuna milango yetu," wakasema, na kila mmoja akatoboa wake.

Karatasi ikajitazama. "Nyumba tano," ikasema. "Mtaa mzima."

Dada akaja kupima umbali kati ya matundu. Akautanua mkono wa kipimo hadi mwisho, na bado haukutosha. Hakunigombeza. Alianza tu kukunja kitambaa chake cha kufutia bunduki, akakikunja, akakikunja, mpaka kikawa hakionekani. Nikatafuta ubeti wa kumpoza. Nikakosa hata neno la kwanza.

Nikaamka, bega linaniwasha. Nikaenda kwenye kioo. Juu ya bega, kuzunguka hadi mgongoni, palikuwa na mistari myembamba ya mshazari, imeachana sawasawa kama mifereji ya mtutu, yenye rangi ya shaba. Nikaisugua kwa sabuni. Haikutoka.

Mlango ukagongwa.

"We Mbaruku! Mtunzi mzima unalala kama gogo! Gari linaungurumishwa huko nje."

Nikafungua, shati mkononi. Mwanakheri akaliangalia bega, kisha akaniangalia mimi.

"Umelalia nini?"

"Dada," nikasema, "vizito vinabaki hapa nyumbani. Leo utajaza vyepesi vyako huko uwanjani, na utakayefyatua ni wewe, zote tano. Mimi nitakaa nyuma yako nikusomee bendera za upepo tu. Nakuahidi."